Leseni mpya mkononi: jeti za makampuni unaziingiaje?

Haya ndugu zangu, leo hakuna salamu ndefu. Wengi mmeniuliza: "Kaka, nimepata leseni ya urubani wa biashara, nina saa mia mbili na kidogo za kuruka, nataka kurusha jeti za makampuni. Niombe wapi?"

Ukisubiri tangazo utazeeka. Mashirika makubwa ya abiria yana msimu wa usaili na foleni inayoeleweka. Kwenye jeti za makampuni, idara nzima inaweza kuwa marubani wanne na ndege moja. Mmoja akiondoka, kapteni mkuu anampigia simu mtu anayemjua, basi.

Sasa mtasema konekshen. Sawa, ila kuna mtu mwingine hamumwoni kabisa: wa bima. Kapteni anaweza kukukubali, sheria ikakuruhusu, bima ikakukataa. Chukulia Marekani. Kwenye jeti za kukodi, kapteni lazima awe na leseni ya juu kabisa, ambayo kwa kawaida ni saa 1,500. Rubani msaidizi wake kisheria anaweza kuanza na leseni ya biashara na ruhusa ya kuruka kwa kutegemea vipimo vya ndani ya ndege, hata kama nje huoni. Lakini bima ina viwango vyake, na mara nyingi ndivyo vinavyokufungia mlango. Kwa hiyo kwenye usaili uliza mapema: bima yenu inataka msaidizi awe ameruka saa ngapi?

Uliza na hili. Pilatus PC-12 na King Air 200, ndege ndogo za pangaboi, zimeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Ukipewa kiti cha kulia humo, yaani cha msaidizi, huenda zile saa usiruhusiwe kuziandika kama msaidizi, mpaka kanuni za safari hiyo ziwe zinataka marubani wawili. Unaruka mwaka mzima, kitabu chako cha saa kiko pale pale.

Na tafadhali, usikope pesa ukajilipie mafunzo ya jeti fulani huku hujawahi kuirusha kazini. Cheti bila saa za ndege hiyo hakimshawishi mtu wa bima. Bora ufundishe wanafunzi, saa zipande, huku ukitafuta kazi yoyote pale jeti zinapolala: kujaza mafuta, kuvuta ndege, kupanga safari, kusafisha kabini. Marubani wa jeti husubiri abiria kutwa nzima, na kusubiri kunaleta stori. Wakikuona wiki baada ya wiki umewahi, huna makuu, jina lako linabaki kichwani.

Maana kazi yenyewe ndiyo hiyo hiyo. Msaidizi ndiye anayepanga mabegi, anayeangalia barafu ipo na kahawa ni ya moto, anayelaza mikanda ya viti ikapishana vizuri, anayehakikisha choo kimemwagwa. Bosi akishuka, unapiga magoti kuokota makombo ya karanga kwenye zulia, ukiwa na mistari yako mabegani. Kama hilo linakukera, nenda mashirika ya abiria, si dhambi.

Halafu mdomo. Hupigi picha abiria, husemi nani alikwenda wapi na nani. Najua, anayesema ana chaneli, chekeni tu. Ndiyo maana hapa hamjawahi kuona ndege ninayorusha.

Wakikulipia mafunzo watakupa mkataba: ukiondoka mapema, unarudisha pesa. Soma kama deni linapungua kila mwezi, au unadaiwa lote hadi siku ya mwisho. Hilo la mikataba nalirudia video ijayo, kipengele kwa kipengele.