Italia na Uswisi: uanzie wapi, umalizie wapi

REHEMA: Haya karibuni tena jamani. Leo tuna ujumbe wa msikilizaji wetu wa Mwanza, yeye na mkewe wanaenda Italia na Uswisi mwezi wa tisa, wana siku 12 za kulala, na ratiba yake ni hivi: anatua Zürich, anaenda Luzern, anashuka Milano, Venezia, Roma, alafu anapanda tena mpaka Firenze, kisha anarudi Zürich kwa sababu tiketi ya ndege ni ya kwenda na kurudi Zürich. Sele umeiona?

SELE: Nimeiona na nimeifuata kwenye ramani mji kwa mji. Firenze iko katikati ya Roma na Venezia, sasa yeye anaipita akishuka, anairudia akipanda, alafu bado ana safari ya kurudi Zürich ambayo inakula siku karibu yote hata kama treni inapita lile handaki la Gotthard la kilomita 57. Siku nzima ya likizo imeenda kwa sababu tu ya tiketi ya ndege.

REHEMA: Na hajalipa bado, ndo nikafurahi. Ndugu yangu, tafuta tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Kwenye tovuti za ndege kuna sehemu ya kuchagua miji mingi, usiguse ile ya kwenda na kurudi. Emirates kwa mfano wanatua Roma na wanatua Zürich pia, kwa hiyo unaweza kuingilia Roma na kutokea Zürich kwa tiketi moja hiyo hiyo, sio lazima ununue mbili mbili za kwenda tu.

SELE: Hapo sasa ndo tunapogombana mimi na wewe. Kwa nini asigeuze? Aanzie Zürich amalizie Roma. Mke wake anataka mikoba ya ngozi ya Firenze, kaandika mwenyewe. Ukinunua ngozi mwanzoni unaiburuta mpaka Venezia, na Venezia hakuna gari, yale madaraja yana ngazi, unabeba begi mkononi ukiwa umechoka.

REHEMA: Hoja ya ngozi naikubali, ina uzito kweli. Ila angalia treni. Mimi kwangu siku nzuri kuliko zote kwenye safari hii ni ile ya Tirano, na nataka waifike wakiwa wameshaona miji, macho yanataka kitu kingine. Wanatoka Milano Centrale na treni ya mkoa, masaa mawili na nusu hivi, inapita pembeni ya ziwa Como, wanafika Tirano mpakani, pale wanapanda treni nyekundu ya Bernina. Inaanza chini kwenye mashamba ya zabibu inapanda mpaka mita 2,253, barafu ya milimani unaiona dirishani, alafu inashuka mpaka Chur. Masaa manne na kitu. UNESCO wameiweka kwenye urithi wa dunia tangu 2008.

SELE: Si unaweza kuipanda kutoka upande wa pili pia?

REHEMA: Unaweza, lakini sikiliza hesabu ya tiketi. Ile Swiss Travel Pass, tiketi moja ya kupandia treni na boti za Uswisi, inahesabu siku mfululizo, ukianza umeanza, na inakubalika mpaka Tirano. Kwa hiyo ukiwa unatoka Italia, pasi inaanza kufanya kazi asubuhi ile unapopanda Tirano na inaisha Zürich siku moja kabla ya ndege. Siku nne tu, hakuna hata moja iliyolala. Ila Bernina Express yenyewe, ile treni maalumu ya watalii, kiti unalipia pembeni na ni lazima, kama hela inabana panda treni ya kawaida ya reli hiyo hiyo, njia moja, haihitaji kubuku, na madirisha kuna ya kufungua. Mimi ningepanda hiyo.

SELE: Haya Tirano umenishinda. Na niongeze kitu, watu wengi mitandaoni wanaandika siku ya kwanza Ulaya upumzike sababu ya tofauti ya saa, hao wanatoka Marekani huko. Sisi mwezi wa tisa Italia iko nyuma yetu saa moja tu. Ukitua asubuhi Roma, weka begi hotelini nenda zako Colosseum.

REHEMA: Kabisa. Na siku za wiki ziangaliwe, hili watu wanalisahau. Makumbusho ya Vatikani Jumapili yanafungwa, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Uffizi, yale makumbusho ya sanaa ya Firenze, inafungwa Jumatatu. Uswisi Jumapili maduka mengi yamefungwa, unakuta ya stesheni kubwa tu. Kwa hiyo mimi nimempangia atue Roma Jumamosi, alale tatu, Vatikani iwe Jumatatu, Jumanne asubuhi treni ya kasi saa moja na nusu yuko Firenze, alale mbili. Alhamisi Venezia. Alafu Milano, na Jumapili ndo Tirano, chakula wanunue Milano Jumamosi wakiwa bado kwenye euro.

SELE: Uswisi?

REHEMA: Chur moja, Luzern mbili, Zürich moja, Alhamisi ndege, kutoka stesheni kuu ya Zürich mpaka uwanjani ni kama dakika kumi na kidogo. Ameuliza Jungfraujoch, ile stesheni ya juu kwenye milima ya barafu, ni pazuri sana lakini pasi inakupa punguzo tu na hela inayobaki bado ni nyingi. Akiwa Luzern apande boti na treni ya Rigi, vyote viko ndani ya pasi, na ile ndo reli ya kwanza ya mlimani Ulaya, ya mwaka 1871.

SELE: Viza sasa. Yeye anasema ataomba Uswisi kwa kuwa ndo anatua huko. Hapana. Unaomba nchi unayokaa siku nyingi, kutua kwanza kunaangaliwa pale siku zikilingana. Kwa mpango huu Italia inalala nane na Uswisi nne, kwa hiyo ni ubalozi wa Italia, na aombe mapema, dirisha linafunguka miezi sita kabla. Bima ya euro 30,000 moja inatosha nchi zote mbili. Na pale Tirano pasipoti iwe mkononi, sio chini ya begi, Uswisi iko Schengen, yaani zile nchi zinazotumia viza moja, lakini haiko Umoja wa Ulaya, maafisa wakitaka kuangalia wanaangalia.

REHEMA: Kinachonisumbua mimi ni Venezia, usiku mmoja naona haba. Wale wanaokuja kushinda wanaondoka jioni, mji unabaki wa wanaolala pale, ungepata jioni mbili...

SELE: Chukua moja kutoka Milano basi.

REHEMA: Ameandika anataka kuona Karamu ya Mwisho, ule mchoro wa ukutani wa Leonardo da Vinci, ile iko Milano, unaingia dakika 15, Jumatatu hakuna, na tiketi zinaisha mapema sana.

SELE: Basi aanze kubuku hiyo kabla ya hoteli. Ikipatikana Jumamosi mchana, alale Venezia mbili na Milano moja. Ikipatikana Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi, Milano ibaki na mbili zake.