Funika Sufuria Kwanza

Shikamooni wakubwa, na nyie wengine habari za jioni. Nasikika huko nyuma? Maiki inakatakata ila msijali, mi nimekulia kwenye kelele za Feri, hata ikizima kabisa mtanipata. Mwenyekiti alinipa dakika ishirini niongelee chai za majani za nyumbani, nikamwambia hazitoshi, akanijibu basi chukua kumi na tano. Haya twende.

Hapa mezani nna chupa mbili za chai, nyekundu na ya bluu. Zote ni mchaichai, nimeukata leo kwenye shina moja lililopo pembeni ya bomba langu pale Tandika, maji yale yale, majani idadi ile ile, sukari hakuna hata punje. Pitisheni hivyo vikombe vya kahawa, onjeni nyekundu kwanza halafu bluu, na msiambizane. Shemeji hapo mbele acha kunusanusa, kunywa. Ntarudi kwenye hilo.

Sasa hili neno chai sisi tumelipanua mno. Mtu akikuuliza umekunywa chai, anataka kujua kama umetia kitu tumboni asubuhi, we unaweza ukawa umepiga supu na chapati mbili na bado ukajibu nishakunywa. Kwa wataalamu chai ni mmea mmoja tu, ule uliojaribiwa kule Amani, Usambara, enzi za Mjerumani, na sa hivi upo Mufindi, Njombe, Rungwe, Lushoto, huko kwenye ubaridi. Ule una kafeini. Mchaichai, mnanaa, mrehani, rozela, hizo hazina, ndo maana mtoto akinywa saa mbili usiku analala vizuri tu na wewe unapumzika.

Mi nilikuwa mtu wa chai ya rangi, vijiko vinne vya sukari, asubuhi mchana jioni. Na kilichonibadilisha sio afya, msinipe sifa za bure. Mwanzo wa 2024 si mnakumbuka sukari ilivyoadimika, unaenda kwa Mangi unaambiwa imeisha, siku akiwa nayo unapimiwa robo kama dhahabu. Nikajaribu chai ya rangi kavu kavu, jamani, chungu kama adhabu. Nikahamia mchaichai, ambao kabla ya hapo nilikuwa naurushia tu kwenye chai upate harufu, kumbe ukiwa peke yake nikiuchemsha napata maji ya nyasi, yana rangi rangi tu hayana kitu.

Halafu siku moja nimebandika sufuria, maji yamechemka, nimetupia majani tu, moto ukafifia, pyu, ukazima. Mtungi umeisha. Nikafunika ile sufuria nzi wasiingie nikatoka kutafuta bodaboda wa kuniletea gesi, tukabishana bei pale nje weee, narudi ndani karibu robo saa imepita, nafunua mfuniko. Ile harufu ilinipiga usoni kama nimekamua limao. Nikaonja, tamu. Sio ya sukari, tamu yake yenyewe. Nilikaa kwenye kile kigoda cha mbuzi ya nazi nikamaliza vikombe viwili peke yangu, gesi nimeweka pembeni hata sijaifunga.

Ndo nikaanza kuuliza uliza na kusoma. Ile harufu ya mchaichai ni mafuta, kuna kitu ndani yake kinaitwa sitrali, hicho hicho kipo kwenye ganda la limao. Na mafuta ya namna hiyo hayatulii, ukiyapa moto yanapanda na mvuke yanaondoka. Kwa hiyo mtu akichemsha robo saa sufuria ipo wazi, halafu jirani anapita anasema leo kwenu kunanukia, na mwenye nyumba anafurahi, mi nauliza unafurahi nini mama? Hiyo ndo chai yenyewe inatokea dirishani! We umebaki na maji.

Ninavyofanya mimi, majani matano au sita kwa jagi dogo, naosha maana vumbi letu mnalijua, nakunja nafunga fundo yasitapakae, lile shina jeupe la chini nalipondaponda na mpini wa kisu. Maji yakishachemka nazima, natumbukiza, nafunika, dakika kumi. Mnanaa na mrehani ni laini, hizo dakika tano zinatosha, ukizisahau mrehani inakuwa chungu. Ila tangawizi na mdalasini ni vitu vigumu, hivyo vichemshe kweli, halafu majani yaje mwishoni moto umezima. Iliki ipasue usiitupe nzima. Karafuu moja, mbili kwa sufuria kubwa, ukizidisha unakunywa dawa ya jino.

Kukausha nako nishaharibu. Nilianika mchaichai kwenye bati mchana kweupe nikajisifu jua la bure, jioni nikashusha nyasi za kulishia mbuzi, harufu yote imekwenda. Kausha kivulini penye upepo, mi natandika kanga uvunguni mwa kitanda. Na usiweke kwenye kopo mpaka jani likivunjwa linalia kavu, la sivyo ukungu.

Kuna mtu kanitumia swali kwenye kikaratasi, eti chai ya moto inapoza mwili? Swali zuri. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa kule Kanada walipima wakakuta ndio, kinywaji cha moto kinaweza kupunguza joto la mwili kwa sababu unatoka jasho zaidi, lakini kwa sharti jasho likauke. Haya niambieni, Februari hapa Dar jasho linakauka wapi? Fukuto lile linakubandika shati mgongoni tu. Ndo maana wazee wa kahawa wana akili, yule wa dele anapita akigonga vikombe jioni, upepo wa bahari umeanza, mtu yupo barazani na kashata yake.

Na isiwe ya kuunguza. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilisema vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, huenda vinachangia saratani ya koo la chakula. Bibi zetu waliomimina kwenye kisosi wakapuliza tuliwacheka bure.

Mambo ya kutibu msiniulize. Mi nauza ladha. Ila unayemeza dawa za presha muulize daktari kabla hujaanza kushindilia rozela kila siku, maana nayo inashusha, na mjamzito mwarobaini auache. Chai ya rangi usinywe na chakula kama unaambiwa damu yako ndogo, inazuia madini ya chuma, subiri kama saa moja hivi. Sukari nayo, WHO wanataka isizidi gramu 50 kwa siku na ikiwezekana 25, kijiko kimoja cha flati ni gramu 4. Vile vinne vyangu mara tatu ni 48, na hapo andazi bado.

Haya chupa. Wangapi bluu? Mikono juu... wengi. Nyekundu? Mmoja, wawili... na mzee pale. Basi nyekundu imechemka robo saa bila mfuniko, bluu haijachemshwa kabisa na majani yake, imefunikwa tu. Mzee unasemaje? Nyekundu ina uzito? Kama ya mama yako? Hahaa, kwa mama sibishani, we endelea kuchemsha, ila mfuniko weka.

Pale mlangoni kuna makopo 18 ya mchaichai, yana mizizi tayari, ukifika nyumbani panda panapomwagikia maji. Mmoja mmoja jamani, nimeshahesabu watu.