Hopkalaiti: Shaba na Manganizi Dhidi ya Kaboni Monoksidi

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania himoglobini ya damu, ile inayobeba oksijeni mwilini, kuliko oksijeni yenyewe kwa zaidi ya mara 200. Ndiyo inayowaua waliojifungia ndani na jiko la mkaa. Nyumbani, tiba ni kutoa jiko nje na kufungua madirisha. Kemia haichukui nafasi ya hilo. Lakini mchimbaji aliye chini ya ardhi, moto umewaka mgodini, atafungua dirisha gani?

Kwa ajili yake kuna hopkalaiti, punje za kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kuisha) zinazogeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi. Wanakemia wa Marekani waliibuni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na watatu miongoni mwao, Lamb, Bray na Frazer, wakaieleza hadharani mwaka 1920. Ya awali ilichanganya oksidi nne, yaani metali zilizoungana na oksijeni: za manganizi, shaba, kobalti na fedha. Baadaye manganizi na shaba zilionekana kutosha.

Kwa nini kuchanganya? Kaboni monoksidi hunata juu ya punje, ikanyakua oksijeni iliyomo kwenye oksidi yenyewe, ikaondoka ikiwa kaboni dioksidi. Pengo linalobaki huzibwa na oksijeni ya hewani. Shaba na manganizi hupokezana elektroni, hivyo kazi huendelea hata bila kupashwa moto. Oksidi ya shaba peke yake haifui dafu katika hali hiyo.

Adui wake ni unyevu. Mvuke wa maji hukalia mahali ambapo gesi ingenata, kichocheo kikazimika. Ndiyo maana katika kifaa cha kujiokolea, kile chenye hopkalaiti ambacho mchimbaji hukiweka mdomoni na kuvutia hewa, hewa hupita kwanza kwenye tabaka la kukaushia. Tabaka hilo likishiba maji, kifaa kimekwisha.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa mnaofundisha usalama migodini. Mmenyuko huu hutoa joto, kilojuli 283 kwa kila moli (kipimo cha wanakemia cha kiasi cha dutu) ya kaboni monoksidi. Sumu ikizidi, hewa anayovuta mchimbaji huwa ya moto, koo linakauka, naye anatamani kukitoa kifaa mdomoni. Asikitoe! Joto hilo linamwambia kwamba sumu ipo na inageuzwa. Akikitoa, ataivuta yote. Tena aelezwe waziwazi kwamba hopkalaiti haizalishi oksijeni. Pale oksijeni ilipopungua, anahitaji kifaa kingine, chenye oksijeni yake ndani. Haya ayajue kabla hajashuka, maana kwenye moshi hakuna nafasi ya kusoma maelekezo.