Mkopo na Hesabu ya Miezi 36

Mabibi na mabwana, nianze na neno ambalo wengi hulipita haraka: usajili. Mchezaji wa soka akitoka kwa mkopo, yaani akienda kuchezea klabu nyingine kwa muda, usajili wake huhamia klabu iliyomchukua, hata kama mkataba wake na klabu mama bado una miaka minne. Viongozi wengi huteleza hapo. Wanahesabu miaka ya mkataba, ilhali kanuni ya wachezaji waliokuzwa inahesabu miezi ya usajili.

Katika mashindano ya klabu ya UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, kikosi kikuu hakizidi wachezaji 25, na nafasi 8 zimetengewa waliokuzwa nchini, yaani na klabu za nchi hiyo. Kati yao, wasiopungua 4 wawe wamekuzwa na klabu yenyewe, maana yake wamesajiliwa hapo misimu 3 kamili au miezi 36, kati ya umri wa miaka 15 na 21. Ukiwa na pungufu, hujazi pengo kwa mchezaji mwingine. Kikosi chako kinapungua.

Tuchukue kijana aliyezaliwa Machi 2004, akasajiliwa Julai 2021. Anatimiza miaka 21 ndani ya msimu wa 2024/25, kwa hiyo ana misimu 4 ya kuhesabiwa. Mtoe kwa mkopo msimu mmoja: inabaki 3, amefuzu. Mtoe miwili: inabaki 2, na sifa ya kukuzwa na klabu imepotea moja kwa moja, hairudi hata akikuchezea miaka kumi. Kama mikopo hiyo ilikuwa kwa klabu za nchi hiyohiyo, angalau anabaki na sifa ya kukuzwa nchini. Kama mikopo yote miwili ilivuka mpaka, na kabla ya 2021 hakuwa amesajiliwa nchini, hana hata hiyo.

Ligi Kuu ya Uingereza ina hesabu yake: wachezaji waliovuka umri wa vijana, yaani miaka 21, na ambao hawakukuzwa nchini hawazidi 17 kati ya 25. Uraia hauhusiki kabisa. Cesc Fàbregas, Mhispania, alihesabika kuwa amekuzwa nchini kwa sababu alifika Arsenal mwaka 2003 akiwa na miaka 16. Eric Dier, Mwingereza, hakuhesabika: alilelewa Ureno, na mkopo wake wa Everton haukufika miezi 36.

Njia ya Fàbregas sasa imefungwa. Baada ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, klabu za Uingereza haziwezi kusajili mchezaji kutoka nje kabla hajafikisha miaka 18. Muda unaobaki hadi 21 unatosha kwa shida, na mkopo mmoja wa nje unaumaliza. Naliona hili ni jambo zito, kwa sababu kijana ndiye anayepoteza thamani, wala hakuulizwa.

FIFA nayo ilibana mikopo ya kimataifa kuanzia Julai 2022: kila klabu wachezaji 8 kutoka na 8 kuingia, ikashuka hadi 7, na tangu Julai 2024 ni 6. Wenye miaka 21 kushuka chini na waliokuzwa na klabu hawahesabiwi. Mkopo hauzidi mwaka mmoja, na aliyekopwa hakopeshwi tena kwa klabu ya tatu.

Kabla ya kusaini, agiza pasipoti ya mchezaji, yaani kumbukumbu ya usajili wake, kutoka shirikisho la soka la nchi. Inaorodhesha klabu zote alizosajiliwa tangu mwaka aliotimiza miaka 12. Soma tarehe za kuanza na kuisha kwa kila usajili, ujumlishe miezi kwa kalamu, klabu moja baada ya nyingine.