Bolti Inayotakiwa Kukatika

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa mashine ya kurusha theluji, ile inayofungwa kwenye trekta. Nitaanza na hiki nilichoshika. Mliokaa nyuma mnakiona? Ni bolti, imekatika vipande viwili. Haikuharibika. Imefanya kazi yake.

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Aliyebuni mashine hii aliamua mwenyewe pembamba pawe wapi. Nguvu inatoka kwenye PTO, yaani shafti ya trekta inayoendesha mashine iliyofungwa kwake, mara nyingi kwa mizunguko 540 kwa dakika, inapita kwenye propela, ile shafti inayounganisha trekta na mashine, inaingia kwenye gia boksi. Kutoka hapo inazungusha parafujo kubwa ya mbele inayokusanya theluji kuelekea katikati, na feni iliyo nyuma yake inayoirusha juu kupitia bomba. Parafujo ikikutana na jiwe lililofunikwa, trekta haina habari, inazidi kusukuma. Hapo lazima kitu kikatike: ama hii bolti, ama meno ya gia.

Mimi niliwahi kuchagua meno ya gia. Bolti ziliniishia jioni, theluji bado inaanguka, nikachokora kopo la vyuma nikapata bolti ngumu ya saizi ileile. Siku mbili mashine ikaenda vizuri, nikajiona fundi kweli. Siku ya tatu jiwe. Bolti ilibaki nzima, na mlio uliotoka kwenye gia boksi sijausahau mpaka leo.

Kwa hiyo tazama kichwa cha bolti kabla ya kuifunga. Kwa bolti za inchi, kichwa kisicho na mstari ni laini, chenye mistari mitatu ni ngumu, chenye sita ni ngumu zaidi. Za milimita huandikwa namba, kama 8.8 au 10.9. Kitabu cha mashine kitakuambia ufunge ipi. Ukipandisha daraja, umehamisha pembamba kwenda usikokujua. Na za akiba zikae ndani ya trekta, kwa sababu haikatikii karakana.

Lakini hata bolti sahihi inaweza isikusaidie. Parafujo imevalishwa kwenye shafti, na bolti ndiyo inayozifunga pamoja. Kutu ikiingia kati yake, vinashikana, na bolti ikikatika hakuna kinachoachia. Kila mwanzo wa msimu zitoe bolti, pampu grisi kwenye nipeli, kisha zungusha parafujo kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Ikizunguka peke yake bila shafti, uko salama. Ikigoma, usiingie kazini.

Mashine nyingine zina klachi ya msuguano kwenye propela, inayoteleza mzigo ukizidi badala ya bolti kukatika, na ugonjwa wake ni huohuo. Inalala miezi ya joto, sahani zinashikana kwa kutu, inageuka kuwa chuma kimoja. Dawa yake: pima urefu wa springi, legeza nati zote sawasawa, washa PTO kwa sekunde chache klachi iteleze, zima, halafu rudisha springi kwenye urefu uleule. Kaza kwa kipimo. Kukaza kwa hasira ni kuifuta klachi.

Tukiwa kwenye propela: krosi zake, yaani viungo vinavyoiruhusu kujipinda, zinataka grisi mara kwa mara, vitabu vingi husema kila saa nane za kazi, na bomba zake zinazoingiana nazo zisisahauliwe. Kava ya plastiki isitolewe. Mizunguko 540 kwa dakika ni tisa kwa sekunde. Mkono wa koti ukinaswa, hupati hata nafasi ya kupiga kelele.

Bomba likiziba, zima PTO, zima injini, toa ufunguo, subiri feni isimame kabisa, kisha zibua kwa fimbo. Fimbo, jamani, hata kama kila kitu kimetulia. Parafujo iliyokwama ikiachiwa inaweza kuruka.

Oili ya gia boksi ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Wengi hubadilisha oili msimu unapoanza. Mimi hubadilisha unapokwisha, maji yasikae humo miezi yote yakila beringi. Viatu vya chini, ambavyo mashine hutelezea juu ya ardhi, na wembe, ule ukingo wa chini unaokwangua theluji, ni kazi ya macho tu: kwenye changarawe inua mashine kidogo isije ikarusha mawe, na wembe ukiisha, tazama kama wako unageuzika kabla ya kununua mwingine.

Ndiyo, ndugu uliyenyoosha mkono. Anauliza kama akipunguza mizunguko ya injini mashine itadumu zaidi. Hapana, kaka. Theluji mbichi, ile yenye maji, inahitaji feni iende kwa kasi yake yote, la sivyo itaganda bombani na utashinda siku nzima na ile fimbo. Acha PTO kwenye 540 yake, teremsha gia ya trekta, uende polepole. Na ndani ya bomba paka nta ukiwa umeshalikausha vizuri. Theluji huteleza kama juu ya kioo.