Nani Kakuomba Ufungue Dirisha?

Asanteni. Wanaonifahamu wameshajua ninakoelekea, naomba msigune mapema. Nimepewa mada ya kufungua vichupo vipya vya kivinjari kwa JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kurasa za wavuti. Vichupo, au "tabu" kama mnavyoziita wenyewe, na jina limewafaa.

Tuliwahi kutengeneza mfumo wa ada kwa shule moja, siitaji. Mhasibu anabofya "Chapisha risiti", msimbo unaiuliza seva namba ya risiti, seva ikijibu, amri ya `window.open` inafungua risiti kwenye kichupo kipya. Ofisini kwetu ilikubali kila tulipojaribu. Shuleni, kimya. Mhasibu kabofya, kabofya tena, wazazi wamepanga foleni hadi mlangoni. Akanipigia: "Kaka, kitufe chako kimekufa." Nikambishia. Mbona hapa kwangu kizima?

Nikapanda daladala. Nikabofya mwenyewe huku nahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu... seva ikajibu kwenye saba. Na kule juu, mwisho wa sehemu ya anwani, kakatokea kaalama kadogo: dirisha ibukizi limezuiwa. Kalikuwa kanatokea siku zote, na hakuna aliyekaona.

Sikilizeni hapa, maana kila mwaka nalisema. Kivinjari kinakuruhusu kufungua dirisha, au kichupo, kwa sababu mtu amebofya, na ruhusa hiyo huchacha. Kwenye Chrome inakaa kama sekunde tano, Safari ni mkali zaidi. Intaneti yetu ya ofisini ilijibu kabla ya tano, ya shule ikachelewa. Na mbofyo mmoja, dirisha moja. La pili halipiti.

Dawa yake: fungua kichupo kitupu papo hapo, kabla hujaiuliza seva chochote. `const d = window.open('', '_blank')`. Kiandikie "Subiri, risiti inakuja", mtu asidhani kimekwama. Seva ikijibu, `d.location.href = anwani`. Na kama `d` ni `null`, yaani hakuna kitu, umezuiwa, basi muwekee kiungo cha kawaida abofye mwenyewe. Mistari mitano! Mimi nilitumia nauli.

Najua mtaniuliza, kwa nini vivinjari visituamini? Vituamini kwa lipi? Ethan Zuckerman, miaka ya 1990 akiwa Tripod, kampuni iliyowapa watu kurasa zao za wavuti, aliandika msimbo wa kufungua tangazo kwenye dirisha lake lenyewe, kwa sababu kampuni moja ya magari ilikasirika kukuta tangazo lake kwenye ukurasa wa mambo ya ngono. Nia ilikuwa kutenganisha tangazo na ukurasa. Wenzetu wakalidaka, wakatufunika kwa matangazo. Mwaka 2004 hata Internet Explorer, kwenye Windows XP SP2, ikaanza kuyazuia bila kuombwa. Zuckerman aliomba radhi mwaka 2014. Mchuma janga hula na wa kwao, ndiyo maana risiti yangu ilizuiwa.

Wa pili atasema: "Mteja anataka kila kiungo kifunguke pembeni, watu wasiondoke kwenye tovuti." Kwanza, kwenye kichupo kipya kitufe cha kurudi nyuma hakina pa kurudi. Pili, anayetaka kichupo kipya anajua kushikilia kiungo kwa kidole. Tatu, chukueni simu ya mama yangu. Pale Chrome inapoandika idadi ya vichupo hakuna namba, kuna `:D`. Vikizidi 99 inaacha kuhesabu, inacheka. Mama hakufungua hata robo yake. Mmemfungulia ninyi.

Haya, naonyeshwa saa. Haraka: ukurasa uliofunguliwa unaweza kuugeuza ule ulioufungua, ukarudi ukakuta fomu feki ya nywila. Tangu Chrome 88, mwaka 2021, viungo vya `target="_blank"`, vile vinavyofunguka kwenye kichupo kipya, vinalindwa vyenyewe. `window.open` hailindwi, weka `noopener`, neno linalokata uhusiano wa kurasa hizo mbili, kwa mkono ukienda tovuti ya watu. Ila ukiiweka unarudishiwa `null` hata kama dirisha limefunguka, kwa hiyo msiichanganye na ile dawa ya risiti, halafu mnipigie simu usiku.

Urefu na upana wa dirisha nauruka. Maswali? Wewe unayecheka kule nyuma, anza.