Rubani Naye Husubiri Nafasi

Leo nawasemea marubani wanaoishi mbali na kituo chao cha kazi, na kulazimika kusafiri kwa ndege kwanza ili wafike kazini. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia Buffalo, mji wa jimbo la New York, Marekani. Ndiyo, Buffalo tena, mnivumilie.

Tarehe 12 Februari 2009, safari namba 3407 ya shirika la ndege la Colgan Air ilitoka Newark, karibu na jiji la New York, ikaanguka ikikaribia Buffalo. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Wachunguzi walisema wazi: usukani ulipotikisika kumwonya rubani kwamba mwendo umepungua mno, aliuvuta badala ya kuusukuma. Silipingi hilo. Lakini ulizeni rubani msaidizi alilala wapi! Kwake ni karibu na Seattle, upande wa pili wa Marekani. Jioni ya tarehe 11 alidandia ndege ya mizigo ya FedEx hadi Memphis, akapata nyingine, akaingia Newark saa 12 asubuhi imeshapita. Hapo akajinyoosha kwenye chumba cha wafanyakazi kungoja zamu. Rubani mkuu naye kwake Florida. Na marubani waliopangiwa kituo cha Newark, takriban theluthi mbili walitoka mbali hivyohivyo.

Namwona mtu pale anataka kuniuliza: si wahamie Newark? Kwa mshahara upi? Na wakihamia, mwakani kituo kinafungwa, wanapangiwa mji mwingine. Mke au mume ana kazi, watoto wako shule. Wepesi wa kushauri kuhama ni wale ambao hawajawahi kupandisha kabati ghorofa ya tatu.

"Lakini wanasafiri bure!" Bure yenyewe ni hii: abiria wenye tiketi kwanza, kisha wafanyakazi kwa ukongwe kazini, na rubani wetu kijana mkiani. Safari iliyotangulia ikifutwa, viti alivyoviona vitupu jana vimejaa. Kinabaki kile kiti cha ziada cha chumba cha marubani, nacho hakikaliwi bila idhini ya rubani wa ndege hiyo. Kwa hiyo mwenye tahadhari huondoka siku moja kabla, akalala kwenye chumba cha kuchangia chenye vitanda vya juu na chini. Kew Gardens, New York, vyumba hivyo vimejaa hadi watu wakaubatiza mtaa Crew Gardens, "crew" kwa Kiingereza wakiwa ndio wafanyakazi wa ndege.

Januari 2014 ikaja kanuni ya Marekani: saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, zikiwemo 8 za kulala bila kukatizwa. Vizuri. Ila safari ya kutoka nyumbani ameachiwa rubani mwenyewe. Yeye ndiye athibitishe kwamba anaweza kuruka. Umehangaika usiku kucha kufika, halafu ndio useme huwezi?

Marubani wa ndege za mizigo kanuni hiyo haikuwalazimu, nilitaka kulisemea hilo, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali. La kuhama nimeshalijibu.